Walimtua Nyuma ya Migomba

Mume wangu alikuwa na kiburi cha miguu. Wanaume wengine walijivunia mashamba, wengine ng'ombe, yeye alijivunia kutembea. Hakuwa daktari. Alikuwa infirmye, aliyefundishwa kufunga vidonda, kupima homa na kupiga shindano, yaani sindano, lakini kwetu mtu yeyote aliyeshika shindano aliitwa munganga, na munganga wetu alitembea. Dispanseri yake ilikuwa nyumba ya matofali na bati juu ya mgongo wa kilima, chini kidogo ya Nyabiondo, pale njia inapoacha baridi ya Masisi na kuanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale. Kutoka hapo alizunguka vilima vyote na mfuko wa dawa begani. Wakati wa matope alishika viatu mkononi, akifika karibu na kijiji ananawa miguu kwenye kijito, anavaa viatu, ndipo anaingia. Nilimwambia viatu vyake vimeolewa kuliko mimi, maana hakuna siku aliyonibeba mimi kuvuka matope. Hakucheka. Katika jambo la miguu hakutaka mzaha.

Sababu niliijua kabla hatujafunga ndoa kanisani. Baba yake alikuwa amebeba kipoyi. Zamani, kabla ya barabara, mzungu aliyepita kwetu hakutembea, alikaa juu ya kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, na watu wetu chini yake wakapanda vilima wakiimba ili wasikate pumzi. Baba mkwe alikamatwa akiwa kijana, akiwa anatoka kwenye maharagi yake na jembe mkononi, na miaka ya kubeba ilimwachia nundu ngumu juu ya bega la kuume. Mume wangu alipokuwa mtoto, kazi yake ya jioni ilikuwa kuipaka ile nundu mawese yaliyopashwa moto. Aliniambia kwamba aliapa akiwa anaipaka: hatakaa juu ya bega la mtu hata siku moja. Kiapo cha mtoto ni kigumu kuliko cha mtu mzima, kwa sababu hakuna anayekijua wa kumwambia akilegeze.

Mimi nilizaliwa Muheto, katika nyumba ya wakulima waliosali asubuhi na kulima mpaka jioni, na ulimi wangu mama yangu aliuita jembe la pili. Nilipoolewa na munganga nilidhani nimepata mapumziko. Nilipata shamba kubwa zaidi, sufuria kubwa zaidi, na wagonjwa mlangoni kabla sijawasha moto. Yeye aliwapa dawa, mimi niliwapa uji, na kama ungewauliza nani aliwaponya, wengine wangenitaja mimi. Nilikuwa nikimkumbusha hilo mara kwa mara.

Magonjwa ya nyumbani tuliyajua. Homa ya kutetemeka ilipanda kutoka mabondeni kila mvua ilipokolea. Kuhara kulikuja maji ya mto yalipochafuka. Minyoo hatukuiita ugonjwa, tuliihesabu kuwa sehemu ya utoto. Na buba ilikula ngozi ya watoto wetu na nyayo za wazee mpaka likaja shindano lake. Shindano la buba lilikuwa ajabu ya kweli. Mtoto aliyejaa vidonda alipigwa, na kabla mwezi haujabadilika ngozi yake ilikuwa imekauka, mama yake akampakata akienda kumwonyesha sokoni. Tangu hapo watu walipenda shindano kupita kiasi. Mwenye jino bovu alitaka shindano. Mwanamke mmoja aliyegombana na mke mwenzake alikuja kuomba shindano la roho, na mume wangu alimpa kiti akae apumue, nami nikampa uji.

Ndivyo tulivyokuwa ugonjwa mgeni ulipokuja, katika miaka ya hamsini, maharagi yakiwa yametoa maua.

Ulitoka Sake. Wanawake waliokuwa wamepeleka maharagi sokoni kule walirudi wakikohoa, macho mekundu, wakilalamika kwamba mifupa inavunjika ndani ya nyama. Tukauita homa ya barabara, kwa sababu ulifuata malori. Baadaye tulisikia kwamba ulikuwa umezunguka dunia nzima, kwamba hata Ulaya uliwalaza watu. Habari hiyo haikutufariji. Homa ya barabara haikuchagua mtu mmoja nyumbani, iliangusha nyumba yote pamoja, na aliyepita kijijini asubuhi alisikia kikohozi kikijibu kikohozi kutoka ukuta hadi ukuta.

Wote wakaja kwetu kutafuta shindano. Kwetu mgonjwa hafiki dispanseri peke yake. Kila kilima kilikuwa na ngobi yake, kitanda kirefu cha kusukwa kwa mianzi na kamba, kinachobebwa na watu wanne mabegani, na mtu akizidiwa majirani wanamlaza humo na kuondoka naye bila kuuliza ni wa nani. Nyuma ya ngobi wanafuata ndugu, nyuma ya ndugu wanafuata majirani, na mwisho anakuja mtu na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa sababu njia ni ndefu. Uwanja wa dispanseri ulijaa. Walikaa kwenye majani, bega kwa bega, wakipokezana mrija mmoja wa mtungi, mwenye homa na asiye nayo. Katikati yao walikuwa wagonjwa wetu wa siku zote, watoto wa buba na wanawake wajawazito, nao wakaanza kukohoa.

"Munganga, unipige shindano," mwanaume mmoja alisema, akageuka na kuteremsha kaptula mbele ya watu wote.

"Hii homa haina shindano, Papa. Iko na kulala, na maji ya moto, na kula."

"Iko nalo. Unalifichia bandugu yako."

"Pandisha kaptula yako," nilisema mimi kutoka jikoni. "Hata kama lingekuwako, lingekimbia."

Watu walicheka, lakini mume wangu hakucheka, alikuwa anatazama ule mrija. Jioni ile alisimama kwenye ngazi akawaambia kwamba kuanzia kesho mtu mwenye homa ya kukohoa abaki kwake, asiletwe, asitembelewe na kilima kizima. Alisema kwa upole, lakini kwa masikio yao alikuwa ametukana. Mama mmoja mzee, jirani yetu mwenyewe, alimjibu kwa niaba ya wote.

"Sisi hatuachake mugonjwa peke yake ku nyumba. Ile njo kazi ya banyama ya pori."

Kesho yake walikuja wengi zaidi. Nadhani walikuja kumwonyesha kwamba hawakumsikia.

Kilichombadilisha mume wangu ni mtoto wa kike kutoka kijiji cha bondeni. Alikuwa amebebwa na mama yake pamoja na watu wa nyumba yake wote, na wote walikuwa wanakohoa, na katika msukosuko ule mtoto alihesabiwa pamoja na wenzake: homa ya barabara, apewe maji, alale. Hakuwa anakohoa. Mama alisema baadaye kwamba alikuwa anatetemeka, kisha anatoka jasho, kisha anacheza, kisha anatetemeka tena, lakini nani angemsikiliza mama mmoja kati ya watu wote wale? Alikufa kwa homa yetu ya siku zote, ile ya bondeni, ambayo kinini, dawa yake chungu, ingeishika. Kinini ilikuwa kabatini, hatua chache kutoka mahali alipolazwa.

Mume wangu alimfunika mwenyewe. Kisha alikuja jikoni akakaa karibu na jiko langu, akasema kwamba ugonjwa mgeni unapiga kelele, na sisi sote tumegeuza shingo kuutazama, na ule wa nyumbani unapita nyuma yetu taratibu ukichukua watoto. Asubuhi alijaza mfuko kinini na kufunga mlango wa dispanseri. Kwa waliokuwa njiani alituma neno lililokuwa na busara kuliko lile la kwanza.

"Mubakie ku manyumba. Miye mwenyewe nitakuya."

Hilo walilikubali. Mtu aliyeambiwa asije amefukuzwa, mtu aliyeambiwa atatembelewa ameheshimiwa. Dawa ni ileile, ila mlango ni mwingine.

Basi alitembea, nami nikatembea naye, kwa sababu mfuko ulikuwa mzito na kwa sababu sikumwamini kwamba atakula. Shamba langu nililiacha kwa wanawake wa likilimba, kundi letu la kulimiana zamu kwa zamu. Wale ambao homa haijawalaza walinipalilia maharagi nje ya zamu yangu bila kuambiwa. Katika kila nyumba mimi nilisimama nje nikauliza: nani anakohoa, na nani anatetemeka kisha anapoa kisha anatetemeka tena? Huyo wa pili nilimwita atolewe mlangoni, na mume wangu alimpapasa chini ya mbavu za kushoto kutafuta kama bandama imevimba, ndipo akampa kinini. Wanaokohoa tuliwaachia maneno: maji ya moto, uji, kulala, kila mtu na kikombe chake. Watoto wa buba tuliwaambia wangoje nyumbani mpaka shindano lao, lililokuwa limekwisha kabatini, lirudi. Ilikuwa kazi ya kuchosha na isiyo na sifa. Hakuna anayemsifu munganga aliyepita bila kupiga shindano.

Kisha homa ikamwangusha naye. Kwanza homa ya barabara, kama wote. Kabla kifua chake hakijapona, akaanza kutetemeka, akatoka jasho, akapoa, akatetemeka tena, na mimi niliyeuliza swali lile kwenye milango yote ya vilima nililiona jibu lake kwenye mkeka wangu. Nilimpa kinini kwa mkono wangu. Niliogopa sana. Nilikuwa nimezoea kumwona amesimama, na mtu aliyelala anaonekana mfupi.

Tulituma mtu Masisi kuomba infirmye mwingine. Jibu likaja kwamba huko nako wameanguka, tuvumilie. Wakati huo huo njia ilianza tena kujaa. Vilima ambavyo hakuvifikia vilikuwa vimengoja ahadi yake, vikachoka kungoja, na tukasikia kwamba vijiji vya mteremko wa Walikale, ambako homa ya bondeni ilikuwa kali zaidi, vinasuka ngobi mpya ili vilete watu wao wote. Yeye alisikia hayo akajivuta akavaa viatu. Nilimwacha aende. Kuna wanaume ambao hawaelewi mpaka ardhi iwafundishe. Alifika kwenye mkuyu wa kwanza, akakaa, na alirudi akishika majani kwa mikono.

Wanaume wa kilima chetu ambao walikuwa wamepona walikuja, kaka yangu mdogo akiwa mmoja wao. Walisema watambeba. Mmoja, kwa nia njema kabisa, alisema wanaweza kufunga kiti juu ya miti miwili ili munganga akae vizuri kwa heshima, na wakati anasema hivyo nilimkonyeza mpaka jicho likauma, lakini wapi.

"Kiti hapana," mume wangu alisema.

"Basi ngobi," alisema kaka yangu.

"Ngobi iko ya bagonjwa."

"Na weye uko nini?" nilimwuliza. "Uko bibi harusi?"

Alitazama viatu vyake. Najua alichokuwa anawaza, kwa sababu mimi pia nilikiwaza. Akifika kijijini ameketi juu ya mabega, amefika kama mzungu. Akifika amelala, amefika kama mgonjwa, na nani atapokea kinini kutoka kwa munganga aliyeshindwa kujiponya? Akienda kwa miguu hafiki, pengine atakufa njiani na mfuko begani. Na asipokwenda, watakuja wao, na yule mtoto wa bondeni atapata wenzake. Nililia siku ile, na sikujificha. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana nilikuwa nimeolewa na mtu aliyekuwa tayari kufa kwa sababu ya bega la baba yake.

Basi nikaenda kumwita mwenye bega.

Baba mkwe aliishi kilima cha pili. Alikuwa mzee mkali, mpenda tumbaku ya pua, aliyesikia vizuri alipotaka. Nilimweleza yote. Alichukua fimbo yake akanifuata, na nilipoanza kumweleza tena njiani alisema nimwache apumue. Alipofika kwetu hakuingia kumsalimu mwanawe. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngobi iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaivuta kamba, akaikunjia uso.

"Nani alifunga hii?"

"Miye, Papa," alisema kaka yangu.

"Hii iko kamba ya kufunga mbuzi. Mukifika ku mutelemko mutu atateleza, ataenda kichwa mbele. Leta kamba ingine."

Akaifungua yote, akaifunga upya, mafundo yakiwa karibu na bega na si mwishoni mwa mti, akawafokea vijana namna ya kubadilishana bega bila kusimama, mfupi mbele wakati wa kupanda, mrefu mbele wakati wa kushuka. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kuhusu kazi ile. Kwa miaka yote ile nilidhani hataki kuikumbuka. Mume wangu alitoka nje kwa sababu ya kelele, akasimama mlangoni ameshika ukuta.

"Lala," baba yake alimwambia, bila kumtazama.

"Papa, miye siwezi ku..."

"Nilisema ulale. Nataka kupima miti."

Kwetu mtoto habishani na baba mbele ya watu, hata akiwa na ndevu, hata akiwa na shindano. Mume wangu alilala kwenye ngobi. Wakamwinua watu wanne, na kabla hatujaelewa mzee alikuwa amemsukuma kaka yangu pembeni, ameingiza bega lake chini ya mti, lile bega la nundu. Vijana walianza kukataa. Mimi niliwazuia kwa mkono. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nundu yake, na nilikuwa nimeisema methali ile maisha yangu yote bila kuiona. Walitembea polepole mpaka kijito. Mume wangu alivuta blanketi juu ya uso. Waliokuwa nyuma walidhani baridi inamsumbua, lakini mimi nilikuwa ubavuni, nikaona blanketi likitikisika mdomoni.

Kwenye kijito mzee aliwaambia watue. Alisimama akishika kiuno, akihema.

"Bale bazungu balikuwa bazito," alisema. "Weye uko mwepesi. Ukule."

Akachukua fimbo yake akarudi nyumbani kwake. Mume wangu hakubisha tena.

Lakini hatukuwa tumefikiria vizuri. Tulikuwa tumetatua shida ya kiti tukaisahau ile ya kulala. Tulipokaribia kijiji cha kwanza cha mteremko, wanawake waliokuwa mtoni waliona ngobi, wakaona watu wanne wanatembea taratibu kama alivyowafundisha mzee, wakaniona mimi ubavuni na mfuko wa dawa begani mwangu, na ndani ya ngobi mtu amefunikwa blanketi. Wakaelewa walivyoelewa. Mmoja alitupa mtungi akaweka mikono kichwani.

"Munganga amekufa. Hii njo mwisho yetu."

Kilio kwetu hakina haja ya miguu. Kilipanda kilima kile kikajibiwa na kilima cha ng'ambo, na kabla sijamaliza kupiga kelele kwamba mzima, mzima, wagonjwa walikuwa wametoka vitandani. Wakaja wakiyumba, wamejifunga mablanketi, wakikohoa, wakiegemeana, kijiji kizima na vijiji jirani, kuja kumlilia. Kila kitu alichokuwa ameomba wasikifanye, walikifanya kwa kumpenda. Mume wangu aliinuka akakaa kwenye ngobi ili wamwone ni mzima, na mwanamke wa mbele alianguka chini kwa hofu. Ilichukua muda mrefu kuwarudisha majumbani. Nilicheka njiani siku ile mpaka mbavu zikauma, na mume wangu alinitazama kwa jicho baya, kisha naye akacheka, akakohoa, akacheka tena. Ilikuwa mara ya kwanza tangu yule mtoto.

Tangu hapo tulifanya hivi. Kwetu hakuna kijiji kisicho na migomba kuzunguka nyumba zake. Wabebaji walimleta mpaka nyuma ya migomba ya mwisho, wakamtua. Hapo alipumzika kidogo. Nilimpa maji, akanawa miguu na uso, akavaa viatu vyake, nikamfunga vifungo vya koti. Kisha alisimama, akashika fimbo, akaingia kijijini kwa miguu yake, pole pole, mimi nikiwa karibu kiasi cha kumdaka. Aliketi kwenye kiti mbele ya kila nyumba, akapapasa mbavu za watoto, akatoa kinini, akasema maneno ya maji ya moto. Akimaliza aliaga, akatembea mpaka migomba ya upande wa pili, na huko ngobi ilikuwa inamngoja.

Watu waliona, bila shaka. Vilima vyetu vimetazamana, huwezi kupita na kuku mtu asijue rangi yake. Waliona ngobi ikishuka, waliona ikisimama, waliona migomba ikitikisika. Watoto walitaka kukimbia kwenda kuchungulia na mama zao waliwashika. Hakuna aliyesema. Alipotokea kwenye njia, watu walioketi milangoni walimsalimu kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu.

"Karibu, munganga. Pole na mwendo."

"Asante, Mama. Mwendo ulikuwa murefu."

Mzee mmoja alimwambia kila mara kwamba viatu vyake vina vumbi, na alimwitia maji. Vilikuwa havina vumbi hata chembe. Nilitaka kumkumbatia mzee yule.

Kinini ilifika kwa watoto wa mteremko wakati ilipohitajika. Sitasema wote walipona, maana hawakupona wote, na mama zao wakisikia nasema uongo watanicheka huko waliko. Homa ya barabara ilipita, kama mgeni anayeona chakula kimekwisha. Homa ya bondeni ilibaki, kwa sababu yenyewe ni ya nyumbani. Shindano la buba likarudi. Mume wangu alikula, kama baba yake alivyoamuru, na maharagi yalipokauka alikuwa anatembea mwenyewe, viatu mkononi. Ngobi ilirudishwa ukutani. Jambo la migomba halikutajwa tena kwetu, hata kwa mzaha, na mtu anayejua ulimi wangu atajua hilo lilinigharimu.

Baba mkwe alimtangulia. Miaka mingi baadaye, mume wangu naye akafa, mzee, akiwa amerudi kutoka kumtembelea mgonjwa ambaye haikuwa kazi yake tena kumtembelea. Alitaka kuzikwa kwenye kilima cha baba yake. Kulikuwa na sanduku lililochongwa na fundi, lakini njia ile haina upana wa gari, kwa hiyo sanduku liliwekwa juu ya ngobi. Kaka yangu alikuwa na mvi, hakuweza kubeba. Waliobeba ni watoto wa wale waliombeba, vijana ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa.

Mimi nilitembea ubavuni, mahali pangu. Tulikaribia kijiji cha kwanza. Niliona wanawake wamesimama kando ya njia na vitambaa vyao, na nilishangaa kwa sababu walikuwa kimya. Nilikasirika kidogo. Nikafikiri, leo ndipo mnanyamaza, na siku ile mlimlilia akiwa hai.

Kisha vijana wakafika nyuma ya migomba ya mwisho, wakasimama. Hakuna aliyewaamuru. Walimtua taratibu, wakatoka kidogo pembeni, wakatazama kwingine. Upepo ulitikisa majani. Nilimtazama kaka yangu, naye akatazama chini, nikajua kwamba nyumba zote zile zilikuwa zimewasimulia watoto wao lile jambo ambalo kwetu hatukulitaja. Nilipiga magoti kando ya ngobi. Sikuwa na maji wala viatu vya kumvalisha, nikapangusa tu vumbi kwenye sanduku kwa pembe ya kitambaa changu, pale ambapo miguu yake ilikuwa.

Tulingoja muda ambao alihitaji zamani. Kisha mmoja wa vijana alikohoa kidogo, wakainama, wakamwinua, wakaingia naye kijijini, na hapo ndipo wanawake walipoanza kulia.